Kikohozi Unachomficha Mama Yako

Mwanangu Agripina,

Kosa ambalo watu wengi hufanya ni kudhani kwamba ugonjwa ukishapewa jina, kazi ya kuuliza imekwisha. Mtu akikohoa kwa wiki kadhaa, akakonda, akalowa jasho usiku, jirani anasema ni TB, zahanati inasema ni TB, na baada ya muda mgonjwa mwenyewe anasema "TB yangu" kama anayetaja shamba lake. Mara nyingi wanakuwa wamepatia, maana TB ipo kwetu na inaua. Lakini jina likishakaa, hakuna tena anayeuliza mgonjwa huyu anavuta hewa gani, analala wapi, mikono yake inashika nini mchana kutwa. Mimi nilifanya kosa hilo nikiwa mwalimu wa bayolojia, na aliyeumia ni mama yako.

Sikuandikii habari za kufunga begi wala za kula kwa wakati. Hayo mama yako amekwisha kukuambia, na kesho alfajiri atakuambia tena mpaka gari liondoke. Nakuandikia kwa sababu unakohoa.

Nilikusikia nyuma ya bafu, umejiziba mdomo kwa khanga. Ulipotoka ulinikuta nimesimama na ndoo yangu ya maji, ukaniambia, "Baba, usimwambie mama. Ni vumbi la Lusewa tu, litaisha." Nikatikisa kichwa kukubali. Vumbi la Lusewa halikuisha. Umerudi kutoka kule ulikokuwa unajitolea kufundisha, umekaa hapa nyumbani, na bado ninakusikia. Tangu siku ile nakaa mezani na ninyi wawili kama mtu aliyemeza kitu kisichoshuka.

Najua unaogopa nini. Unaogopa kwamba ukimwambia atasema huendi, na kazi hii ya ukarani kwenye ghala la korosho Tunduru umeingoja tangu umalize chuo. Unaogopa pia maneno, maana msichana anayekohoa katika mji huu hupewa majina mengi kabla hajapewa kiti cha kukalia. Sitabishana nawe juu ya hayo. Nitakusimulia tu jinsi mama yako alivyougua. Ulikuwa mdogo, na unayoyajua ni vipande viwili: kwamba mama aliwahi kuumwa sana, na kwamba kuna wakati shangazi yako Skolastika hakuwa anakuja kwetu. Hakuna aliyekuambia kwamba hivyo ni habari moja.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Maposeni, karibu na shule niliyofundisha. Mama yako hakutaka kukaa akingoja mshahara wangu, na dada yangu Skolastika, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya shamba letu, akamfundisha kazi ya kimea. Wewe umekulia mjini, kimea umekiona kikiwa tayari unga. Ngoja nikueleze kinavyotoka, kwa sababu ugonjwa wote ulikuwa humo.

Unaloweka mahindi. Yakishashiba maji unayatandaza kwenye kona yenye joto, unayafunika kwa magunia na majani ya mgomba, unayaacha yachipue. Yakichipua yanashikana kwa vimizizi kama mkeka. Unayabomoa, unayaanika, na yakikauka unayachukua kwa viganja viwili na kuyafikicha ili mizizi idondoke. Kisha unapepeta, unasaga, na wapika komoni, pombe yetu ya kienyeji, wanakuja kununua. Wakati wa jua, kazi hii haina shida. Lakini mvua za kwetu unazijua. Zikianza, hakuna pa kuanika, basi watu huingiza kila kitu ndani na kukausha juu ya moto. Mahindi yanakaa na unyevu, yanaota ukungu wa kijani na wa kijivu, na siku ya kufikicha chumba kizima kinajaa vumbi jeupe linaloning'inia hewani. Kila mwenye kufanya kazi hiyo huliona vumbi lile. Hakuna aliyelihesabu kuwa kitu.

Mama yako akawa hodari kuliko mwalimu wake. Wanunuzi walitoka hadi Peramiho. Na katika msimu wake wa pili wa mvua akaanza kuumwa.

Aliumwa kwa namna ya ajabu. Mchana mzima, sawa. Jua likianza kushuka, anatetemeka, homa inapanda, kifua kinabana, anakohoa kikohozi kikavu kisicholeta chochote. Kesho yake au keshokutwa ana nafuu, anainuka, anarudi kwenye kazi yake. Tukasema malaria. Kipimo kikasema hakuna malaria, tukasema imejificha, akanywa dawa ya malaria. Baada ya siku chache homa ikarudi, akanywa tena. Mara mbili tatu aliniambia, "Mwalimu, mimi naona siku nikifikicha kimea ndiyo jioni nashindwa kupumua." Nikamjibu, "Ni uchovu. Pumzika." Nilikuwa nasahihisha madaftari. Hata sikuinua macho.

Alipoanza kukonda hadi pete ikawa inamdondoka kidoleni, tukaenda hospitali. Picha ya kifua ilionyesha mapafu yametapakaa madoa. Makohozi yakapimwa, hawakuona vijidudu vya TB. Lakini alikuwa anakohoa, amekonda, ana homa za jioni, ana picha mbaya, na yapo makohozi yasiyoonyesha vijidudu ingawa TB ipo. Wakamwanzishia dawa za TB. Siwalaumu. Kwa habari walizokuwa nazo, hata leo ningefanya hivyo. Ila habari hizo niliwapa mimi. Nilijibu kila swali kwa niaba yake, na neno kimea sikulitaja, kwa sababu sikuona linahusiana vipi na mapafu.

Akanywa dawa kwa wiki kadhaa, pale pale nyumbani, na akiwa na nguvu kidogo anafikicha kimea chake. Hakupata nafuu. Ndipo mama yako mdogo Hadija akatuma ujumbe kutoka Tunduru: mleteni dada huku nimtunze. Unajua Hadija aliolewa kule, akasilimu, na mumewe ni mtu wa korosho. Tukampeleka akiwa ameegemezwa mabegani.

Nilipokwenda kumwona baada ya miezi miwili nilimkuta uani anatwanga. Nilisimama mlangoni nikamtazama kama mgeni.

"Karibu, shemeji," Hadija akasema. "Mwangalie mkeo. Alikuja kabebwa, alhamdulillahi leo ananishinda kutwanga."

"Dawa zimefanya kazi," nikasema.

"Dawa alikuwa anazinywa na kwenu. Mbona kule hazikufanya?"

Nikaketi kwenye kizingiti.

"Huku anakula, analala, anatembea mpaka sokoni. Kule kwenu alikuwa anakufa. Dawa ni zile zile. Shemeji, wewe ni msomi, niambie kilichobadilika ni nini."

"Sijui."

"Basi nitakuambia mimi. Kwenu kuna mtu."

Nataka uone vizuri hapo, Agripina, kwa sababu nimelifikiria jambo hili kwa miaka. Swali la Hadija lilikuwa zuri kuliko maswali yote tuliyokuwa tumeulizwa. Mgonjwa ni yule yule, dawa ni zile zile, mahali pamebadilika. Je, kule kuna nini ambacho huku hakipo? Nilikuwa nawafundisha wanafunzi wangu kwamba ndivyo jaribio linavyofanywa: unabadilisha kitu kimoja, unatazama. Na pale mbele yangu jaribio lilikuwa limekamilika. Watu wa hospitali waliiona nafuu ile wakasema ni dawa. Hadija na nduguze waliiona wakasema ni uchawi. Mimi niliyekuwa na elimu ya kuuliza nilichagua jibu la hospitali kwa sababu lilinifaa, na jibu la Hadija nikaliweka moyoni pembeni, likakaa.

Tukarudi Maposeni. Shangazi yako alikuwa amefurahi mno. Alikuwa amemtunzia wifi yake wateja muda wote ule, na asubuhi iliyofuata akaja na tenga kubwa la kimea kilichokaukia ndani kwake, tayari kufikichwa. Wakakaa wote wawili kwenye mkeka, sebuleni, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Nilisikia wanavyocheka. Skolastika alikuwa anamwambia, "Wifi, Tunduru wamekunenepesha, sasa kaka yangu atatafuta kitanda kingine." Wakafikicha mpaka mchana.

Jioni ile mama yako hakuweza kumaliza sentensi. Anasema neno, anavuta hewa, anasema jingine. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Sasa jiweke katika nafasi ya watu waliotuzunguka. Mwanamke katoka safari mzima, wifi yake kamletea tenga, jua halijazama kaanguka. Wazee wa ukoo walipokutana hawakuhitaji kupiga ramli. Dada yangu alisimama katikati, mikono imekunjwa, akawasikiliza wote. Hakulia. Mwishoni akanigeukia mimi.

"Na wewe, mwalimu. Unasemaje?"

Nikasema, "Dada, kwa sasa pumzika kuja nyumbani."

Hilo ndilo neno nililoliona la busara. Alichukua tenga lake, akaondoka kwenye mvua, na kwa muda mrefu hakukanyaga kwetu. Kisha likatokea jambo ambalo lingempotosha yeyote: mama yako akapata nafuu. Bila shaka alipata. Skolastika haji, kimea hakiji, na mama yako alikuwa dhaifu mno kutengeneza chake. Lakini ukoo wote ulisema, mnaona? Na mimi nilinyamaza, nikaona.

Uongo wa namna hiyo ndio mgumu kuuvua, mwanangu, ule unaopata ushahidi kila siku.

Mama yako alipopata nguvu aliloweka mahindi yake mwenyewe, kwa mikono yake, bila mtu. Akafikicha. Akaanguka. Watu wakasema sasa anamfanyia kwa mbali. Hapo ndipo kitu ndani yangu kilipokataa. Sikuwa bado nimeelewa, nilikataa tu. Nikamchukua tukaenda hospitali kubwa zaidi, na tuliketi kwenye benchi la wagonjwa wa kifua tangu asubuhi.

Kando yetu aliketi kijana mmoja kutoka upande wa machimbo ya vito, mabega mapana, lakini akizungumza alikuwa anapumzika kati ya maneno. Kazi yake ilikuwa kutoboa mwamba. Aliniambia, "Mwalimu, dawa za TB mimi nimezila mpaka nimezizoea kama karanga. Nikimaliza, nakohoa. Nikikohoa, wananirudishia."

"Na makohozi yako?"

"Safi kuliko ya kwako."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukangoja kiishe. Baadaye nilielezwa kwamba vumbi la mawe yale likizoea kuingia mapafuni hulala humo, halitoki, na kila lilipolala panafanyika kovu. Picha yake hufanana na ya TB kama pacha. Tena mapafu yenye makovu hayo hushikwa na TB ya kweli kwa urahisi, hivyo mgonjwa anaweza kuwa na vyote viwili, au kimoja baada ya kingine, na asiyeuliza hawezi kujua. Nilielezwa pia kwamba wako waliopona TB kabisa, ila shimo lililobaki pafuni likaota ukungu, wakaanza kukohoa damu, na kila mtu akasema TB imerudi. Kijana yule alishauriwa aache kutoboa. Aliniambia wazi hana kazi nyingine. Sikumwona tena, na wala sikumuuliza jina lake la ukoo ili nimtafute.

Ilipofika zamu yetu, daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Nikaanza kama kawaida yangu.

"Daktari, huyu ana TB sugu. Alianza dawa mwaka jana, akapata nafuu, halafu..."

"Mwalimu," akanikatiza, maana cheti cha mama yako kilikuwa kimeandikwa kazi yangu, "naona umekuja na jibu. Hebu nipe nafasi nimsikie mgonjwa." Akamgeukia mama yako. "Mama, weka ugonjwa pembeni. Niambie siku yako. Ukiamka unafanya nini?"

"Nawasha moto. Namwandaa mtoto. Kisha nakaa kwenye kimea."

"Kimea cha nini?"

"Cha komoni, daktari. Lakini mimi sinywi."

"Sikukuuliza kama unakunywa," daktari akasema, na mama yako akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Nimetaka kujua unakishikaje."

Mama yako akanyoosha viganja viwili, akavisugua pamoja hewani. Daktari aliitazama mikono ile kwa muda, kisha akauliza polepole, kinakaushiwa wapi, kinaota rangi gani, mlango unakuwa wazi au umefungwa. Halafu akauliza, "Na siku ya kufikicha, jioni unakuwaje?"

Mama yako alinitazama mimi kwanza. Sitasahau alivyonitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama anayeomba ruhusa.

"Jioni ndipo ninapoumwa," akasema. "Nilimwambia mwalimu."

Daktari hakutoa hukumu siku ile. Alisema TB lazima itafutwe tena mpaka waridhike haipo, na dawa asiziache kwa uamuzi wetu. Makohozi yakapimwa upya zaidi ya mara moja. Tukapelekwa mkoa mwingine kupiga picha ya kina. Na wakati wote huo akatoa amri moja: kimea kisiingie tena katika nyumba anayolala mama huyu. Walipokuwa na uhakika ndipo wakaacha dawa za TB, wakampa vidonge vya kutuliza mapafu yaliyovimba.

Nikueleze ilivyo, maana huwezi kuniambia nisieleze. Pafu mwishoni mwake ni vifuko vidogo mno vyenye kuta nyembamba, na hewa inaingia kwenye damu kupitia kuta hizo. Chembe za ukungu ni ndogo kiasi kwamba pua haizizuii. Zinafika mpaka kule. Kwa watu wengi zinafika na kuondolewa. Kwa wachache mwili unazikataa kwa ukali, saa kadhaa baada ya kuzivuta, na ukali huo unavimbisha kuta zile. Ndiyo maana homa ilikuja jioni na wala si asubuhi, na ndiyo maana ilifanana na malaria. Ukiondoka kwenye vumbi, uvimbe unashuka. Ukirudi, unarudi. Ukirudi mara nyingi mno, kuta zinageuka makovu, na kovu halivuti hewa. Wako wanaopata ugonjwa wa namna hiyo hiyo kwa nyasi zilizooza, wengine kwa kinyesi cha njiwa wanaowafuga. Si ugonjwa wa kila siku, na daktari anaweza kufanya kazi miaka asiufikirie, hasa mahali ambapo TB inatosha kumchosha.

Mama yako alipona kwa kiasi alichobakiziwa. Umemwona tunapokwenda kanisani, anavyosimama katikati ya mlima akajifunga upya kitenge chake. Kitenge huwa hakijafunguka.

Nilikwenda kwa dada yangu mwenyewe, kwa miguu. Nikamkuta anapepeta. Nikamweleza yote, ukungu, vumbi, vifuko, kama ninavyokueleza wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho huku ungo haujasimama.

"Kwa hiyo sasa mimi si mchawi," akasema. "Ni muuza ukungu."

"Dada, nimekuja kuomba radhi."

"Na mimi nimefikicha kimea tangu sijavunja ungo, mbona sikohoi?"

Nikamweleza kwamba miili haifanani, vumbi moja linaweza kumwangusha mmoja na kumwacha mwingine.

"Hilo wangeambiwa wale wazee," akasema. "Mbele yao hukusema kitu. Sasa umekuja jikoni kwangu kusema."

Alikuwa na haki. Nikawaita wazee, nikasema mbele yao. Wengine walielewa, wengine walikohoa kidogo wakatazama chini. Krismasi ile Skolastika alituletea kuku, akakataa kuingia, akala barazani. Mama yako akatoa sahani yake akaenda kula naye pale nje. Iliwachukua muda kupatana, lakini kulianzia pale, na aliyeanza ni mama yako.

Sasa nirudi kwako. Sijui unaumwa nini. Naomba usome mstari huo mara mbili, kwa sababu kwangu ni mgumu kuuandika. Sisemi una ugonjwa wa mama yako. Mapafu ya mtu hayarithi historia ya mwingine kama shamba. Inaweza kuwa TB, nayo ndiyo ya kwanza kutafutwa na ikipatikana inatibika. Inaweza kuwa pumu. Inaweza kuwa kitu kidogo kitakachokwisha chenyewe. Lakini kule Lusewa ulilala chumba kinachopakana na stoo ya mazao, mwenyewe ulituambia ulikuwa unaamka na vumbi la mahindi kwenye mto, na kesho unakwenda kukaa mchana kutwa ghalani, katikati ya magunia. Ukiugua kule, utaingia kwenye chumba cha daktari asiyejua lolote kati ya hayo. Atakuuliza tangu lini, utamwambia. Ataandika jina. Nawe, kwa kuwa umejizoeza kukificha kikohozi hiki, utakuwa umekwisha kuikata habari yake nusu.

Hakuna daktari anayeweza kutibu habari ambayo hakupewa. Mpe yote, hata ile unayoiona ya aibu au ya kijinga. Mwambie ulikolala. Mwambie unazidiwa saa ngapi, na ni wapi unapata nafuu. Akikuandikia dawa, zinywe kama alivyosema, na zisipofanya kazi rudi ukamwambie hazijafanya kazi. Wagonjwa wengi huona haya kurudi, kana kwamba wamemwangusha daktari. Na ukimpeleka mtu mwingine hospitali, mume wako siku moja, au mwanao, au mimi nikizeeka zaidi ya hapa, mwache aseme mwenyewe.

Utajiuliza kwa nini nisimwambie mama yako mimi, niyamalize. Nimelifikiria. Lakini niliwahi kusema kwa niaba ya mgonjwa, na umeona. Tena katika nyumba hii hakuna anayejua kusikiliza kikohozi kama yeye. Mimi nitakupa maelezo. Yeye atakuuliza ni kikavu au kina makohozi, kinakuja ukilala au ukiinuka, ulishika nini mchana. Maswali hayo aliyanunua kwa bei kubwa, na yangekuwa ya kwako bure.

Huenda akasema gari liondoke bila wewe. Likiondoka, liondoke. Nimekwisha kumpigia simu baba yako mdogo Tunduru, mume wa Hadija, sikumweleza sababu, nikamuuliza tu kama nafasi yako inaweza kungoja kidogo. Akasema, "Shemeji, korosho zenyewe hazijaanza kuingia. Mtoto aje akiwa tayari." Kwa hiyo usiseme kazi itapotea. Haitapotea.

Barua hii nakuwekea juu ya begi lako. Mama yako amekwenda sokoni kukununulia dagaa wa kuondoka nao, na atarudi kabla jua halijazama. Nitakuwa nje, nikipalilia miti ile michache ya kahawa, ili mkae wawili. Baba yako anakuomba jambo moja tu. Leo, akishatua kapu lake na kuvuta pumzi, kaa karibu naye umwambie kwamba unakohoa.